Mkebe Ulioandikwa Matu

Inspekta Koki Muindi alikuwa amekuja kuikagua picha ile kama kielelezo cha kesi, lakini alipofika mbele yake alisahau kwanza kufungua mkoba wake.

Ilitundikwa peke yake kwenye ukuta wa mashariki wa ukumbi mpya wa jamii wa Buruburu. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, pana kama mlango uliolazwa ubavuni. Chini, mto Athi ulipinda kati ya mawe, umejaa tena baada ya ukame wa mwaka uliotangulia, wa 1984. Ng'ambo yake vilima vilifuatana, cha karibu kikiwa cheusi, cha mbali kikififia hadi kuwa rangi ya majivu. Na juu ya vilima, yakichukua nusu nzima ya picha, yalisimama mawingu mazito, yamepandana hadi ukingo wa fremu, matumbo yake meusi na kingo zake zikiwaka kwa mwanga. Mtu aliyeyatazama alijikuta akisubiri kusikia radi.

"Mwaitu, huo ni mto wetu," alisema Bwana Matheka, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akimwita kwa neno la heshima ambalo Mkamba humwitia mama. Alikuwa karani wa wizara, na siku hiyo alikuwa amevaa tai ingawa alikuwa likizoni. "Na ule mti pale begani mwa kilima, baba yangu alikuwa akipumzishia ng'ombe wake chini yake."

Koki alisogea karibu. Upande wa kulia, pale kilima kilipoanza kuteremka, palikuwa na mti mmoja mwembamba. Shina lake lilikuwa limenyooka, kichwa chake kimetawanyika kidogo upande mmoja, kama mti uliozoea upepo. Mweka hazina wa kamati, mwenyeji wa Murang'a, alikuwa amekwisha kumwambia mlangoni kwamba mti huo ni mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, na kwamba kilima chenyewe kiko upande wao. Matheka alieleza kwamba mabishano hayo yalianza siku picha ilipotundikwa, na kwamba hakuna aliyetaka yaishe. Watu walikuja baada ya kazi kutoka mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, na wengine kutoka Njiru kwa miguu. Walisimama hapo kimya, kisha kila mmoja akaondoka akiwa na hakika kwamba ameona kwao.

"Miaka yote kuta za mtaa huu zimekuwa na kalenda za ng'ambo zenye theluji," alisema Matheka. "Sasa tuna kitu chetu. Ndiyo maana nakuomba, usiniletee aibu Jumapili."

Jumapili ilikuwa siku ya kufungua ukumbi. Chini ya fremu kulikuwa na kibao kidogo cha shaba, na juu ya kibao Matheka alikuwa amebandika karatasi nyeupe. Koki aliinua ukingo wa karatasi na kusoma: J. Wangeci, Baba Dogo. Jina hilo lilifunikwa tangu Naftaly Ndung'u, mpiga picha mashuhuri kuliko wote upande huu wa mji, alipoandikisha malalamiko kituoni kwamba picha ni yake na kwamba Jecinta Wangeci, msichana aliyewahi kumfanyia kazi, alimwibia. Iwapo Naftaly alikuwa akisema kweli, Jecinta angefikishwa mahakamani na studio yake ndogo ingefungwa. Iwapo hakuwa akisema kweli, kulikuwa na mtu aliyetaka kuchukua kazi ya mwenzake na jina lake kwa pamoja.

"Fremu ilitiwa na nani?" aliuliza Koki.

"Naftaly mwenyewe. Hakuna anayemshinda kwa fremu. Picha ilikaa kwake siku kadhaa, na hapo ndipo, kwa maneno yake, alipoitambua."

Koki aliitazama tena kabla ya kuondoka. Jambo moja lilimsumbua bila kumpa jina lake. Vilima vilikuwa vimepigwa na jua ubavu wa kulia. Mawingu yalikuwa yameng'aa ubavu wa kushoto.

Studio ya Naftaly ilikuwa kando ya Barabara ya Jogoo, na mabibi harusi wa mitaa yote walikuwa wakitabasamu dirishani mwake. Alimpokea Koki na konstebo wake, Munyoki, kwa chai na viti vya kitambaa. Alikuwa mtu nadhifu wa makamo, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wakae namna gani na watazame wapi. Alikwenda chumba cha ndani, akarudi na bahasha safi, na kutoka ndani yake akavuta kipande cha filamu.

"Mwenye negativu ndiye mwenye picha, Madamu. Katika kazi yetu hakuna hati nyingine."

Koki aliiinua kuelekea dirishani. Katika filamu mwanga ulikuwa umegeuka, cheupe kimekuwa cheusi, lakini kila kitu kilikuwapo: mto, mawe, vilima, mawingu, hata ule mti. Alimkabidhi Munyoki, naye akaitazama na kuitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona kesi imekwisha.

Koki hakuondoka. Alimwomba Naftaly asimulie siku yenyewe, na Naftaly akasimulia kwa ufasaha. Alikwenda Athi kwa gari lake, peke yake, mara tu mvua ziliporudi. Alipanda kilima adhuhuri akapumzika, akateremka, akavuka mto, akasimamisha kamera kwenye jiwe na kusubiri.

"Ulipumzikia wapi?"

"Chini ya ule mti. Mugumo. Ni mkubwa kuliko unavyoonekana pichani."

"Ulipiga picha ngapi?"

"Moja, Madamu. Mawingu ya namna ile hayamwiti mtu mara mbili."

"Na Jecinta?"

Naftaly alitabasamu kwa huruma. Alieleza kwamba msichana huyo aliosha picha zake kwa miaka mingi, na kwamba hakuna aliyemfikia kwa utulivu katika chumba cha giza. "Ana mikono," alisema. "Jicho ndilo hana. Alipoacha kazi, nadhani aliondoka na nakala moja chini ya kanga yake. Mimi sitaki afungwe. Nataka jina langu tu."

Koki alimwomba aandike maelezo hayo yote, pamoja na mti, na kutia sahihi. Naftaly alitia sahihi yenye mkia mrefu.

Huko Baba Dogo, Jecinta Wangeci alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba za wafanyakazi, ghorofa ya juu kabisa. Kimoja alikuwa amekiziba dirisha kwa karatasi nyeusi, na hapo ndipo alipooshea picha. Dirisha la chumba cha mbele lilitazama mapaa ya mabati na, nyuma ya mapaa, bomba refu la moshi la kiwanda cha sabuni. Harufu ya kiwanda ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia.

Jecinta alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, vidole vyake vimegeuka rangi ya kahawia kwa dawa za kuoshea picha. Aliwakaribisha, akawapa viti viwili alivyokuwa navyo, akabaki amesimama.

"Negativu ya picha ya ukumbini iko wapi?" aliuliza Koki.

"Haipo, mama."

"Imepotea?"

"Sijasema imepotea."

"Imeibwa?"

"Hapana."

"Basi Naftaly anayo, na ni yake."

"Naftaly hajawahi kuukanyaga ukingo wa mto ule."

"Nithibitishie."

Jecinta alitazama vidole vyake. Munyoki aligeuza ukurasa wa daftari lake kwa kelele, kama anayemharakisha.

"Nikikuthibitishia," alisema Jecinta mwishowe, "picha itashushwa ukutani."

"Usiponithibitishia itabaki ukutani na jina la mwingine, nawe utakuwa kizimbani."

"Afadhali ibaki. Umewaona watu wanavyoitazama?"

Koki aliwahi kuwahoji wezi waliokana na wezi waliolia, lakini hakuwahi kukutana na mshukiwa aliyekuwa tayari kuibiwa ili kitu chake kiendelee kutazamwa. Alimwamuru Munyoki apekue.

Hapakuwa na mengi ya kupekua. Mashine ya kukuzia picha ilikuwa ya zamani, imefungwa kwa waya mahali ilipovunjika. Kwenye msumari vilitundikwa vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja kimekatwa ukingo mmoja kwa mstari uliopinda, wenye kupanda na kushuka. Koki aliuliza ni vya nini. Jecinta alijibu kwamba ni vya kazi. Rafuni kulikuwa na mikebe ya maziwa ya unga iliyopangwa vizuri, na kila mkebe ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: HARUSI, UBATIZO, MTO, MATU.

Munyoki aliusoma wa mwisho kwa sauti na kucheka. "Matu, Afande. Masikio. Hizi ni za vitambulisho."

Koki naye alitabasamu. Kwa Kikamba matu ni masikio, na alijua kwamba kwa Kikuyu ni vivyo hivyo. Hakuna mtu mzima Kenya nzima aliyepigwa picha ya kitambulisho bila kuambiwa asogeze kilemba au nywele ili masikio yote mawili yaonekane. Jecinta alifungua mdomo, kisha akaufunga. Munyoki aliurudisha mkebe mahali pake bila kuufungua na kushika ule wa MTO.

Ndani yake mlikuwa na negativu moja iliyokunjwa ndani ya karatasi laini. Koki aliiinua dirishani. Ulikuwa mto ule ule, na vilima vile vile. Lakini mbingu ilikuwa tupu, haina hata uzi wa wingu, na kilimani hapakuwa na mti wowote.

"Kwa hiyo ulikwenda kuiga picha ya bwana wako," alisema Koki, "na siku uliyokwenda mawingu hayakuja."

Koki aliichukua negativu, akamwandikia stakabadhi, akamwambia asisafiri.

Wakiteremka ngazi, Munyoki alisema kwamba jambo limejieleza lenyewe. Mmoja ana picha yenye mawingu, mwingine ana picha isiyo na mawingu, na picha ya ukumbini ina mawingu. Koki alimjibu kwamba ndivyo inavyoonekana.

Jumamosi asubuhi alirudi ukumbini akiwa na negativu zote mbili na kioo cha kukuzia maandishi alichoazima kwa karani wa kituo. Wanawake wawili walikuwa wakipanga viti. Alipanda juu ya kimoja na kuanza kuilinganisha picha ya ukutani na filamu ya Jecinta, jiwe kwa jiwe, kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika katikati ya mto alisimama.

Juu ya jiwe la tatu alisimama korongo. Pichani alikuwa mdogo kuliko ukucha, na kwa jicho tupu alionekana kama doa. Kioo kilionyesha kwamba bawa lake moja lilikuwa limeinuka nusu na jingine bado limekunjwa. Katika negativu ya Jecinta, juu ya jiwe lile lile, korongo yule yule alikuwa ameinua bawa lile lile, nusu.

"Njoo uone," alimwambia Munyoki, akampisha kwenye kiti.

Munyoki alitazama kwa muda mrefu. "Ni ndege mmoja."

"Ndege hasimami na bawa hewani kumngojea mpiga picha wa pili. Hizi si siku mbili, wala si kamera mbili. Mto ulio ukutani umetoka katika filamu ya Jecinta."

"Na hii ya Naftaly?"

"Naftaly alikaa na picha yenyewe siku kadhaa ikitiwa fremu. Picha nayo ikipigwa picha, unapata nini?"

Munyoki alifikiri. "Negativu."

"Yenye kila kitu kilichomo. Kama tulivyoona pale kwake."

"Lakini Afande, ya msichana haina mawingu. Haina mti."

Hapo ndipo Koki alipokwama, na alikiri hivyo. Mto ulikuwa wa Jecinta. Mbingu haikuwa ya mtu yeyote bado. Wakili wa Naftaly angeshika neno hilo moja na kuivuruga kesi yote.

Alikwenda kwake kula chakula cha mchana. Aliishi hapo hapo Buruburu, katika nyumba ya safu iliyopakana na ya Mama Gathigia, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nyeri. Uzio wao ulikuwa mfupi, na nguo za nyumba zote mbili zilianikwa zikitazamana. Upepo ulikuwa umeanza kuzigeuza. Baba Gathigia alikuwa ameketi barazani amejifunika gazeti usoni, na mkewe alimwita kutoka jikoni kwa Kikuyu, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti iliyofika kwa majirani wote:

"Matu nĩ maingĩ!"

Koki, aliyekuwa akinawa mikono nje, alicheka. "Mama Gathigia, masikio yake ni mawili tu. Ni kusikia ndiko hakusikii."

Mama Gathigia alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Nani ametaja masikio? Nimemwambia mawingu ni mengi, aanue nguo."

"Umesema matu."

"Nimesema matu. Yako huko juu. Masikio ni *matũ*," akalivuta sikio lake kuonyesha, na herufi ya mwisho akaitamka kwa mdomo uliolegea zaidi. "Nyinyi Wakamba mnayaitaje mawingu?"

"Mathweo," alisema Koki polepole.

"Ndiyo maana hamtuelewi. Hapo ukiandika bila alama juu, hata Mkikuyu mwenzangu anaweza kukosea. Lakini kusikia, ni maneno mawili."

Koki alibaki amesimama, maji yakimtiririka viwikoni. Kisha aliuliza kama Mama Gathigia angemhifadhia chakula chake, maana alikuwa anakwenda Baba Dogo.

Jecinta alipofungua mlango, Koki hakuuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja rafuni, akauteremsha mkebe ulioandikwa MATU na kuuweka juu ya meza kati yao.

"Jana nilidhani ni masikio."

"Niliona," alisema Jecinta. "Nilitaka kucheka, lakini sikuthubutu."

Mkebe ulijaa mbingu. Kulikuwa na negativu nyingi, kila moja ndani ya karatasi yake: mawingu mepesi ya asubuhi, mawingu yaliyochanika, mawingu ya magharibi yenye moto ukingoni. Jecinta alizipekua bila kutafuta, akatoa moja na kumpa. Koki aliisimamisha dirishani. Yalikuwa mawingu ya ukumbini, hapana shaka, tumbo kwa tumbo na ukingo kwa ukingo. Chini yake hapakuwa na mto. Palikuwa na mapaa ya mabati, nguo zilizoanikwa na, upande wa kulia, bomba la moshi la kiwanda cha sabuni, limesimama wima, moshi wake umepeperuka upande mmoja.

Koki aliishusha filamu na kutazama nje kupitia kioo kile kile cha dirisha. Bomba lilikuwa pale pale.

Sasa Jecinta alieleza, na hakuhitaji kuulizwa. Kamera yake ilipopokea mto na vilima vizuri, mbingu iliungua na kuwa karatasi tupu, na hilo lilimuudhi, kwa sababu mbingu ya nchi ile si tupu. Kwa hiyo alijifundisha kukusanya mawingu. Alipanda juu ya paa kila mvua ilipokaribia. Kisha, katika chumba cha giza, alitupa mwanga wa filamu ya mto kwenye karatasi huku akiizuia mbingu kwa kadibodi moja, akatupa mwanga wa mawingu huku akivizuia vilima kwa kadibodi ya pili. Kadibodi aliikata kwa kufuata mgongo wa kilima. Aliharibu karatasi nyingi kabla ya kupata moja iliyoshikana bila mshono.

"Ndiyo maana ukasema negativu haipo."

"Haipo. Zipo mbili. Nikiwaambia watu hivyo, watasema ni uongo. Watasema nimewadanganya na mbingu ya Baba Dogo."

Koki alifikiria vilima vilivyopigwa jua ubavu wa kulia na mawingu yaliyong'aa ubavu wa kushoto, na akalipata jina la jambo lililomsumbua: jua la siku mbili tofauti. Lakini aliuliza jingine.

"Kadibodi ilikuponyoka kidogo, kwenye bega la kilima. Ncha ya bomba imechomoza. Hukuiona?"

"Niliiona," alisema Jecinta. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu wakutane sauti yake ilikuwa imesimama sawasawa. "Ningeweza kuifuta kwa brashi. Nikaiacha. Hapa ndipo ninapokaa."

Naftaly alifika ukumbini jioni ile akiwa amevalia kwa ajili ya kesho yake. Matheka alikuwapo, na Jecinta alikuwa ameketi mwisho wa safu ya viti, mkebe mapajani. Koki alimwomba Naftaly asimame karibu na picha na kuyathibitisha maelezo yake. Aliyasoma kwa sauti, na kila mwisho wa sentensi Naftaly aliitikia.

"Ulipumzika chini ya mti huu."

"Huu huu."

"Ulishika shina lake?"

"Niliuegemea, Madamu."

"Ulikuwa wa moto?"

Naftaly alimtazama bila kuelewa. Koki alichukua filamu ya mawingu, akamsogeza hadi dirishani na kumshikia. Alimwachia muda wa kutosha. Naftaly alitazama mapaa, akatazama bomba, akageuka kuutazama mti ulioko ukutani, kisha akarudi kwenye filamu. Alikuwa fundi, na fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Koki aliona midomo yake ikihesabu hatua za kazi ile: kadibodi ya kwanza, kadibodi ya pili, mstari wa kilima.

"Ameunga," alisema Naftaly. "Ameunga, na sikuona."

"Kwa hiyo negativu yako yenye vyote viwili imetoka wapi?"

Naftaly aliisukuma filamu kando. Matheka ndiye aliyeuliza, kwa unyonge, ni nini kilichoungwa, na Munyoki akampa filamu naye aitazame. Mwenyekiti aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huu mti," alisema, "ni kiwanda cha sabuni."

"Ndiyo, mzee," alisema Jecinta.

"Na mimi nimewaambia watu baba yangu alipumzishia ng'ombe hapo."

"Huenda walitoka wasafi," alisema Munyoki, na Koki akamkanyaga mguu.

Naftaly alichukuliwa kituoni kuandika maelezo mapya, safari hii mafupi. Mlangoni aligeuka na kumwambia Jecinta neno moja tu, kwamba mshono ule yeye mwenyewe asingeuweza. Hakuomba msamaha. Jecinta aliinamisha kichwa kwa heshima ambayo mwanafunzi humpa mwalimu, lakini hakumshukuru.

Lilibaki swali la Jumapili. Matheka alitembea huku na huko mbele ya picha. Alisema kwamba sheria imekwisha kusema, lakini watu je? Wamekuja kutazama kwao. Atawaambiaje kwamba mbingu waliyoipenda iko juu ya mapipa ya mafuta ya sabuni? Koki alimjibu kwamba kazi ya polisi ilikuwa kuujua ukweli, na ukweli huo haukuwa wake wala wa Matheka kuutangaza. Wote wawili walimgeukia Jecinta.

Kesho yake, baada ya sala na hotuba, Jecinta alisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Alisema kwa maneno machache alivyoitengeneza. Hakujitetea. Aliwaonyesha bomba na kulitaja kwa jina lake. Alipomaliza, Koki, aliyesimama karibu na mlango, aliona watu wakinyoosha shingo kuitazama picha.

Katikati ya ukumbi mwanamke mmoja aliinuka. Alikuwa Mama Kalekye, mfungaji wa sabuni katika kiwanda kile, na bado alikuwa na kitambaa cha kazi kichwani kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja. Alipita kati ya magoti ya watu hadi mbele, akaisogelea picha, akaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Hili ni bomba letu?"

"Ndiyo, mama."

"Na haya mawingu ni ya kwetu? Ya hapo juu ya nyumba zetu?"

"Yalikuwa juu ya paa langu. Na lako."

Mama Kalekye aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha aligeuka kuutazama umati wa Buruburu, na watu wa Athi, na watu wa Murang'a, na akaunyoosha mgongo wake.

"Miaka yote nimepita chini yake nimeinamisha kichwa," alisema. "Kumbe tuko chini ya kitu kama hiki."

Aliyeanza kupiga makofi hakujulikana. Baadaye mweka hazina alidai ni yeye, na Matheka akadai ni yeye, na hilo nalo likawa bishano. Matheka ndiye aliyebandua karatasi nyeupe kutoka kwenye kibao, akaikunjakunja na kuitia mfukoni. Aliongeza kwa sauti kwamba kilima, hata hivyo, kimebaki upande wa Ukambani.

Nje, Munyoki alikuwa ameegemea gari akikamilisha orodha ya vielelezo juu ya boneti. Alimwuliza Koki auandikeje ule mkebe.

"Kama ulivyo," alisema Koki. "Mkebe mmoja wa mawingu."